Pumzi za Bwana Mbaruku

Mpunga wa Siwatu ulikuwa umeiva, na njia pekee ya kuufikia ilikatiza ua wa Bwana Mbaruku, tajiri aliyekuwa ameamua kumzuia asipite. Siwatu alimleta mjumbe wa mtaa awe shahidi. Mbaruku aliwapokea akiwa amesimama langoni.

"Mjumbe, andika," alisema. "Madhali navuta pumzi, mwanamke huyu hapiti hapa. Nikiacha kuvuta, njia ni yake."

"Milele?" aliuliza Siwatu.

"Milele. Nami sifi leo."

Mjumbe aliandika, Mbaruku akatia sahihi.

"Sina neno, bwana," alisema Siwatu. "Ila kule kisimani wanasema hutachelewa. Eti tangu umwoe yule mke wa tatu, pumzi zimekuishia. Ukipanda kitanda tu, unahema."

"Nani kasema? Mimi nabana pumzi mpaka mia!"

"Mia? Hata thelathini hufiki, babu."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Mbaruku. Alijaza kifua, akaziba pua kwa vidole na kufumba macho. Siwatu alianza kuhesabu kwa sauti, na sauti ikaendelea kufifia.

Mbaruku alipumua akiwa ameiva uso kama nyanya.

"Umevuta pumzi hata kidogo?" aliuliza mjumbe.

"Naapa, hata chembe!"

"Nimeandika," alisema mjumbe, akamwonyesha ng'ambo ya ua, ambako Siwatu, mundu mkononi, alikuwa amefika themanini katika kuhesabu, huku akivuna.