Jani Lisilo na Meno

Kuugua hakumvunjii mtu heshima. Lakini aufunikaye ugonjwa wake huufuga, na siku utakapotoka hautamwomba ruhusa. Ndivyo yalivyomkuta Mzee Adélard Veilleux wa vilima vya Beauce.

Kila Oktoba, kabla majani hayajapukutika yote, mzee huyu alifunga tepe kwenye miti ya mepo nyekundu ili ikatwe, mepo za sukari zipate nafasi ya kutoa utomvu wake mtamu unaopikwa kuwa sukari. Magome ya miti ya aina hizo mbili yakizeeka hubanduka na kufanana, hata mjuzi huduwaa. Jani ndilo lisilodanganya: la mepo nyekundu lina meno kama msumeno, la sukari lina ukingo laini.

Jumamosi moja wakataji walipoangusha mti wa kwanza wenye utepe, Ghislaine, mke wa mwanawe, alichuma jani kwenye tawi lililolala. Halikuwa na meno. Alilipapasa mara tatu, asiamini, kisha akawaomba wakataji wangoje. Udadisi ukampeleka ndani zaidi ya msitu, akamtazama mkwewe akiendelea na kazi. Mzee hakuinua macho hata mara moja. Alivua glavu, akapapasa gome, akainama, akaokota jani chini na kupitisha kidole ukingoni. Jani la chini, ilhali upepo ulikuwa umeyachanganya wiki nzima!

"Baba, mbona huchumi la tawini?"

"Miaka hamsini nafunga tepe hapa. Wewe wa juzi ndiye wa kunifundisha msitu wangu?"

Ghislaine alinyoosha mkono. "Basi nisaidie. Hili ni la mti gani?"

Mzee aliukazia macho mkono ule. "La sukari. Hata mtoto analijua hilo."

Mkono ulikuwa mtupu.

Alipoambiwa, mzee aliketi juu ya majani, maji yamemzidi unga. Alikiri kwamba tangu Pasaka ukungu ulikuwa umetanda machoni hata hakujua mti upi ni upi, akaogopa wanawe wakijua watamnyang'anya msitu. Kisha akauliza ni mti upi ulioanguka.

"Ule wa mlangoni mwa kibanda cha kupikia sukari, baba. Wa mama."

Ndio mti ambao marehemu mkewe, Rose-Aimée, aliutoboa kwa mkono wake kukinga utomvu mwaka waliooana. Mzee alilia bila kujificha. Mchana kutwa walirudia mti kwa mti, yeye mikono, Ghislaine macho, wakafungua tepe kumi na tisa zilizofungwa kimakosa. Jumatatu daktari alisema ni mtoto wa jicho, jambo la kutibika kwa asubuhi moja.

Asubuhi moja tu, na mti wa Rose-Aimée umeshalala. Mficha maradhi, kifo humuumbua, hata kikiwa kifo cha mti.