Sange na Dhamira ya Mwalimu Fisi

Paukwa!

— Pakawa.

Loo, hamjala nyie? Mbona mnaitika kinyonge? Paukwa!

— PAKAWA!

Enhe! Hapo kale Fisi alikuwa mwalimu. Msicheke. Alifundisha ngano, na kazi ya wanafunzi ilikuwa kutafuta dhamira, yaani ngano inataka kusema nini. Ukikosa, Fisi anakula chakula chako. Na kukosa, walikosa wote.

Kima alisema, "Dhamira ni upendo." Fisi akasema, "Umekosa! Lete ndizi."

Kanga alisema, "Dhamira ni subira." Fisi akasema, "Umekosa! Lete mtama."

Jibu lenyewe hakulitaja asilani.

Likizo ikafika. Fisi akaketi mlangoni, kaziba njia yote. "Haendi mtu kwao mpaka dhamira ipatikane!"

Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, akalia. Alitamani kumwona mama yake, jamani! Alitamani harufu ya shimo lao, alitamani ubavu wa mama wakati wa mvua. Kila jani likichakarika, moyo ulimwambia, mama huyo. Kumbe siye.

Akafuta machozi. "Mwalimu, ninayo ngano ya mbuzi aliyenona."

Mate yakamtoka Fisi, ndo! ndo! ndo! "Ilete haraka!"

"Ya kwetu husikilizwa kwa kufumba macho. Ukifumbua tu, mbuzi katoroka. Nikisema 'Mbuzi huyo!' wewe itika 'Namtaka!'"

Fisi akafumba, akasogea kando kidogo apate kutandaza tumbo.

"Mbuzi huyo!"

"Namtaka!" Kanga akapita, nyata nyata.

"Mbuzi huyo!"

"Namtaka!" Kima akapita, nyata nyata.

"Mbuzi huyo!"

"Namtaka!" Sange naye akapita.

"We mtoto, mbona sauti iko mbali?"

"Mbuzi ndiye anayekwenda mbali, Mwalimu! Usifumbue!"

"Nifumbue nimkose? Thubutu!"

Sange akatimua mbio, tifu tifu tifu, mpaka kwao. Mama akamkumbatia. "Mwanangu, umekonda! Njoo nikusimulie ngano."

"Nisimulie, mama. Ila dhamira yake usiniulize."

Akalala ubavuni pake, akasikiliza tu.

Ngano yangu naitua hapa kama mtungi, mwenye kiu na ainame. Na dhamira yake, wanafunzi wangu? Mtoto mwema hukaa shuleni mpaka mwalimu amruhusu. Tena anayemlilia mama yake, mwambieni anyamaze, ameshakuwa mkubwa. Mimi mama yangu, na mvi zote hizi, ningali namlilia.