Muhogo wa Mtondogoo

Hapo zamani, na zamani hii ilikuwa tayari ina simu, paliishi katika mji mmoja wa pwani ya kusini mjane aitwaye Bi Somoe. Kazi yake ilikuwa kupika kwenye harusi za watu. Alipopika, watu walisifu chakula. Lakini aliposimulia jinsi alivyokipika, watu waliacha kula wakamsikiliza. Sauti yake ilikuwa hivyo.

Jirani yake alikuwa fundi simu, Chitanda, mtu aliyelelewa katika jiji la mbali. Siku moja Chitanda akamwambia, "Bibi, sauti hiyo unaimwaga bure jikoni. Niache niirekodi, niwapelekee watu kwenye simu zao."

"Watu gani watakaa wamsikilize kizee anakuna nazi?"

"Tutawajua wakija."

Siku ya kwanza walikuja watu wanne. Wawili walikuwa dada zake Bi Somoe. Wa tatu alikuwa Chitanda mwenyewe, kwa simu yake ya pili. Wa nne alikuwa mwanamke wa bara, mwendo wa siku mbili kwa basi kutoka baharini, jina lake Nyamizi. Alituma ujumbe mfupi: "Nimekusikia, mama. Huku kwetu hatuna nazi, lakini nimekaa mpaka mwisho."

Jumanne iliyofuata Bi Somoe akaanza hivi: "Nyamizi wa bara, mwenzangu usiye na nazi, leo napika kwa karanga, kwa ajili yako." Nyamizi aliposikia jina lake likitoka kwenye simu alikaa chini palepale penye vumbi. Katika maisha yake alikuwa amepikia watu wengi. Hakuna aliyewahi kumpikia yeye.

Sasa angalieni jinsi watatu hawa walivyokusanya watu.

Bi Somoe hakukosa Jumanne hata moja. Mvua ilinyesha, alizungumza. Homa ilimshika, alizungumza amejifunika blanketi. Aliyemwandikia alijibiwa, na aliyejibiwa aliitwa kwa jina lake na jina la mtoto wake. Na watu wakaongezeka.

Chitanda alikata kila kilichozidi. Alikata kikohozi, alikata ugomvi na paka, alikata habari za shemeji.

"Bibi, ukipita dakika tatu wanaondoka."

"Waondoke. Wali hauivi kwa dakika tatu."

"Wali hauivi, lakini habari ya wali inatosha."

Na watu wakaongezeka.

Nyamizi alifungua kikundi kwenye simu, baraza la wasikilizaji, wakajiita Wana wa Jungu. Aliyeingia alikaribishwa. Aliyefiwa alipewa pole na watu mia ambao hajawahi kuwaona. Aliyekuja na matusi alitolewa kabla hajamaliza sentensi. Na watu wakaongezeka.

Wakawa elfu arobaini. Bi Somoe akaacha kupika harusini, akawa anafunga viungo kwenye vifuko, na Wana wa Jungu wakavinunua. Chitanda akafunga kibanda chake cha ufundi. Nyamizi akawa wakala wa viungo huko bara. Watatu wakawa wanakula kutoka jungu moja.

Mwaka mmoja, muuza viungo mwingine aliona wivu. Akatuma watu waseme kwamba pilipili ya Bi Somoe imechanganywa na unga wa matofali. Ulikuwa uongo mtupu. Nyamizi alikaa na simu wiki nzima akiwatoa waongo mmoja mmoja, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Bi Somoe naye akawaambia watu wake, "Wanangu, sauti yangu mnaijua. Ikisema, aminini. Msipoisikia, msiamini." Maneno hayo yalipendwa sana. Wengine waliyaandika kwenye khanga.

Mwaka uliofuata mvua haikunyesha bara.

Watu wa kijiji cha akina Nyamizi walikuwa watu wa mtama. Mtama ukafa shambani ukiwa na urefu wa goti. Kilichobaki hai kilikuwa muhogo, na si muhogo mtamu wa kutafuna mbichi. Ulikuwa muhogo mchungu, ule ambao hata nguruwe mwitu huupita. Wao hawakuuzoea. Nyamizi akatuma sauti: "Mama, tuna njaa. Tuna muhogo mchungu tu. Tunaulaje?"

Bi Somoe alikuwa anajua. Bibi yake aliula katika njaa ya zamani. Akarekodi siku ileile, bila kungoja Jumanne: "Umenye. Uloweke kwenye maji leo, uutoe mtondogoo. Kisha uanike juani mpaka ukauke kabisa, ndipo utwange. Msiharakishe, wanangu. Muhogo huu hauna haraka."

Ninyi mnaijua mtondogoo? Hesabuni kwa vidole. Kesho, kidole kimoja. Kesho kutwa, viwili. Mtondo, vitatu. Mtondogoo, vinne. Ni siku nne.

Chitanda hakujua. Akasema, "Bibi, watu wa bara wataniuliza mtondogoo ndiyo lini."

"Watakuuliza wao, au unauliza wewe?"

"Wao."

"Mwongo. Mtu mzima na ndevu zake hajui mtondogoo. Nenda kamuulize kuku, hata yeye anaijua siku ya kutotoa."

Dada zake Bi Somoe, waliokuwa wanachambua kisamvu pale, wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Chitanda akacheka nao. Lakini hakuuliza tena.

Nyumbani kwake akafikiri. Watu wa pwani wana majina mawili kwa kila kitu. Bila shaka mtondogoo ni jina tamu la kesho kutwa. Na watu wa bara walishalalamika mara nyingi kwamba maneno mengine ya Bi Somoe hayaeleweki. Basi akatafuta katika rekodi za zamani, akapata mahali Bi Somoe aliposema "kesho kutwa", akakata maneno hayo mawili, akayapachika mahali pa mtondogoo. Alifanya kazi safi. Mshono haukusikika. Akaituma, akalala amefurahi kwamba amewarahisishia wenye njaa.

Wana wa Jungu wakasikia, kwa sauti wanayoijua: "Uloweke kwenye maji leo, uutoe kesho kutwa."

Mzee mmoja wa pwani, aliyekuwa ndani ya kikundi, akaandika: "Siku mbili hazitoshi. Muhogo huo utaua watu." Nyamizi akasoma. Akakumbuka unga wa matofali. Akamtoa.

Kijijini, wanawake kumi na wawili walikuwa wakikusanyika uani kwa Nyamizi kusikiliza, kwa sababu simu ilikuwa moja. Miongoni mwao alikuwa Kabula, jirani, mama wa mtoto wa kike wa miaka sita aitwaye Milembe. Muhogo ulipotwangwa, Kabula alionja unga ule akakunja uso.

"Mbona bado mchungu?"

"Njaa ndiyo chungu," alisema Nyamizi. "Bi Somoe amesema kesho kutwa. Umewahi kumsikia akikosea?"

"Sijawahi."

"Basi kula."

Na Nyamizi mwenyewe alikula. Msisahau hilo. Lakini Nyamizi alikuwa wakala wa viungo, alikuwa na dagaa kidogo na maharage kidogo ya kuchanganyia. Kabula hakuwa na kitu. Yeye na Milembe walikula muhogo asubuhi, na muhogo jioni, kwa majuma matatu.

Asubuhi moja Milembe alitaka kusimama, miguu ikakataa. Ilikuwa imekakamaa kama miti. Walidhani ni baridi, wakamkanda. Siku ya nne baada ya hapo Kabula alikula ukoko uliobaki chunguni, maana sehemu laini alimpa mtoto. Adhuhuri alianza kutapika. Kabla ya alasiri alikuwa amekufa.

Habari ikafika pwani. Bi Somoe akasema, "Nipeni hiyo simu niusikilize mwenyewe huo ujumbe." Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kujisikiliza hata mara moja, alisema kujisikiliza ni kama kunusa kwapa lako. Sasa akajisikiliza. Akasikia sauti yake ikisema kesho kutwa.

"Mimi sikusema hivi," alisema. "Mimi nimesema hivi, na sikusema."

Chitanda akamweleza. Bi Somoe hakumtukana. Siku hiyohiyo alizungumza na Wana wa Jungu: "Ujumbe ule una kosa. Mtu amekufa kwa sauti yangu. Siku ni nne, si mbili. Aliyeuloweka siku mbili aumwage. Msiniamini tena kwa sababu ya sauti tu. Ulizeni, hesabuni, pingeni."

Mnajua walimjibu nini? Wengi walimwaga muhogo, ndiyo, na wakapona. Lakini wengine waliandika, "Tazameni unyenyekevu wake." Wengine waliandika, "Maadui wamemlazimisha kusema hivi." Waliupeleka ujumbe huo wa toba kwa jamaa zao ili wausikie uchungu wa sauti ile. Na watu wakaongezeka.

Bi Somoe akaizima simu. Akamwambia Chitanda, "Funga mzigo. Tunakwenda kwa wafiwa."

Walifika siku ya kuanua matanga. Katika kijiji kile kuna desturi. Siku hiyo yatima hukalishwa katikati ya mkeka, na mtu mmoja, mmoja tu, humwinua na kumbeba mpaka nje ya ua. Kuanzia hapo mtoto ni wake. Atamlisha, atamuuguza, na mtoto atamwita mama, hata akiwa mwanamume.

Milembe alikuwa mkekani. Babu yake, mzee Kashindye, baba wa Kabula, alikuwa ameketi kando yake. Hakukuwa na jamaa mwingine.

"Mimi mgongo wangu umekwisha," alisema mzee. "Huyu hatembei. Zahanati iko ng'ambo ya mlima, shule iko ng'ambo ya mlima. Atabebwa leo, atabebwa mwakani. Akiwa mzito kama gunia, bado atabebwa. Nataka kujua nani."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anakusanya vyungu vya msibani akasema, bila kugeuka, "Mliowapata kwa sauti, wabebeni kwa mgongo."

Chitanda akasimama. "Mzee wangu, ni mimi. Bibi alisema neno sahihi, nami nikalitoa mdomoni mwake nikatia lingine. Sikujua, na nilionea haya kuuliza. Mkono uliokata ndio ubebe."

Bi Somoe akasema, "Kaa, Chitanda. Baba, huyu aliniuliza, nami nikamcheka mbele ya watu. Mtu aliyechekwa haulizi mara ya pili. Tena ni mimi niliyewaambia watu waiamini sauti yangu na wasiamini nyingine. Nilijenga nyumba yenye mlango mmoja, na moto ukaingia kwa mlango huohuo. Nipeni mtoto."

Nyamizi alikuwa amekaa nyuma kabisa. Alisimama akishika ukuta. "Wao walikuwa mbali," alisema. "Hawakumwona Kabula akikunja uso. Mimi nilimwona. Mzee wa pwani alituambia kweli, na mimi nikamtoa. Kabula aliniuliza, na mimi nikamwambia kula. Dagaa zangu nilizila nyumbani kwangu. Shoga yangu, mama Milembe, alikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu. Mtoto nampeleka wapi mimi, nisipombeba?"

Mzee Kashindye akamfunika mjukuu wake miguu. Kisha akasema:

"Mnashindana vizuri. Lakini mnashindana kwa kitu gani? Kama kumbeba ni kulipa kosa, basi abebe mwenye kosa kubwa. Lakini je, nitampa mjukuu wangu mtu aliyekosa kuliko wote, amwite mama? Na kama mtoto ni amana, basi apewe mwenye kosa dogo. Lakini je, mwenye kosa dogo abebe mzigo wa miaka, na mwenye kosa kubwa aende nyumbani mikono mitupu? Tena mimi sijui hata lipi kubwa. Aliyejua na hakueleza? Asiyejua na hakuuliza? Au aliyeambiwa na hakusikia?"



Milembe alikuwa akimtazama Bi Somoe tangu aliposema. Sauti ile aliijua. Alikuwa akiisikia kila Jumanne akiwa magotini kwa mama yake. "Wewe ndiye wa kwenye simu?" aliuliza.

"Ndiye mimi, mama."

"Mama yangu alikupenda."

Bi Somoe akajifunika uso kwa khanga. Chitanda akatazama chini. Nyamizi ndiye aliyekwenda kumfuta mtoto kamasi, kwa sababu alizoea kumfuta, kisha akarudi nyuma haraka kama mtu aliyeshika chombo cha wenyewe.

Jua likafika utosini. Matanga hayaanuliwi jua likishapinduka, na mtoto hawezi kuachwa mkekani. Milembe akanyoosha mikono yake miwili, juu, kama mtoto anayetaka kubebwa. Hakumtazama yeyote kati yao. Aliwanyooshea wote watatu.

Nanyi mliokaa hapa mmewasikia. Mmoja alijua, akacheka. Mmoja hakujua, akaficha. Mmoja aliambiwa, akafunga mlango. Je, nani alistahili kumwinua Milembe?