Kibanio cha Cheni

Asubuhi ile dereva wa pikipiki alichuchumaa uani, akisugua cheni kwa mswaki mkuukuu uliochovywa kwenye kopo la mafuta ya taa. Matope ya wiki nzima yalikuwa yameganda kama ukoko. Mkewe alisimama kando, roho juu. Saa tatu mama yake alitakiwa kufika hospitalini kupasuliwa jicho, miadi waliyoingoja miezi minane.

"Kibanio kimeingia wapi tena?" dereva alinung'unika akipapasa mchangani. Kilikuwa kidogo kama ukucha wa mtoto, lakini ndicho kilichozuia kiungo cha cheni kisifunguke.

"Tukitafute vizuri, baba watoto. Au ukanunue kingine kwa fundi."

"Fundi saa hizi bado anakoroma. Nitafunga waya. Kijidude hiki ndicho cha kutuchelewesha?"

"Waya utahimili ule mteremko?"

"Ufundi umeuanza lini, wewe?"

Waya ulipofungwa, mama mkwe alicheka huku akipanda pikipiki. "Msigombane. Mimi mwenzenu hiyo cheni yenyewe siioni."

Wakaondoka. Mke alipoinua kopo amwage yale mafuta machafu, kitu kikalia chini: kri! Kibanio. Alimpigia mumewe simu, ikaita, ikakatika. Akapiga tena, wapi! Alitoka mbio na kandambili zisizofanana, kibanio amekifumbata, akitega sikio kwa kila mlio wa pikipiki.

Aliwakuta katikati ya mteremko. Waya ulikuwa umekatika, cheni ikachomoka na kujisokota kwenye gurudumu la nyuma, pikipiki ikawabwaga. Dereva alikuwa amechubuka magoti tu. Mama aliketi ukingoni mwa barabara, mkono wa kulia umevimba kama andazi.

"Nipo, mwanangu," alisema kwa sauti nyembamba. "Saa ngapi sasa? Tutawahi?"

Binti alimshika mkono mzima, akamwinua.

Hospitalini mkono ulifungwa plasta, na daktari wa macho akakataa kumpasua mtu aliyetoka kuanguka. Walipewa tarehe nyingine, baada ya miezi saba. Siku hiyo ilipofika, daktari alilimulika jicho kwa muda mrefu, kisha akazima tochi taratibu.

"Mngekuja mapema," alisema.

Mama alipapasa hewani akiutafuta mkono wa bintiye. Dereva, aliyesimama mlangoni, aliinamisha kichwa. Hakika, mdharau mwiba mguu huota tende.