Wayo wa Bwana Fisi

YAH: UCHIMBAJI WA SHIMO LA CHOO CHA KIJIJI CHA KICHUGANI

Hilo ndilo jina la faili, wasikilizaji wangu, na ngano imo humo ndani. Nikiwaita, mwitike.

"Masikio?"

"Yako wazi!"

"Midomo?"

"Imefungwa!"

Haya basi.

Hapo zamani, zamani sana, palikuwa na kilima, na chini ya kilima palikuwa na chemchemi. Wanyama wote wa Kichugani walikunywa hapo. Maji mengine hayakuwapo.

Siku moja akaja Bwana Fisi, mkurugenzi wa kampuni, tai shingoni. Nyuma yake walikuwapo wachimbaji wake, fuko wawili na mhanga mmoja.

"Kilima chenu kina dhahabu," akasema. "Naomba nikichimbe."

"Na chemchemi yetu?" akauliza Bi Nungunungu, katibu wa kijiji.

"Chemchemi itashirikishwa."

Wanyama wakakataa. Fisi hakugomba. Akaitisha semina. Akaleta mahindi ya kuchoma, akaleta togwa, akaleta na karatasi.

"Kanyageni wino, mweke nyayo zenu hapa. Ni mahudhurio tu."

Ngiri akakanyaga. Swala akakanyaga. Kobe akakanyaga, lakini togwa ilikuwa imekwisha.

Kesho yake karatasi ile ilikuwa imebandikwa kichwa kipya: RIDHAA YA WANANCHI KUCHIMBIWA KILIMA.

"Yarabi!" akalia Ngiri. "Nimeuza maji ya wanangu kwa hindi moja!"

"Mawili," akasema Swala. "Nilikuona."

"Nyamazeni," akasema Bi Nungunungu. "Semina hata mimi naweza kuitisha."

Akapika supu ya mifupa, harufu ikavuka bonde. Fisi akaja mbio na wachimbaji wake, udenda ukidondokea tai.

"Mahudhurio kwanza, Mheshimiwa."

Fisi akakanyaga wino, wenzake wakakanyaga. Hakuna aliyesoma. Macho yote yalikuwa kwenye sufuria.

Siku ya tatu kesi ya kilima ikafika kwa Hakimu Tembo. Fisi akainua karatasi yake.

"Mheshimiwa, wayo ni wayo! Aliyekanyaga amekubali. Hakuna cha mahudhurio wala nini."

"Una hakika?"

"Naapa kwa meno yangu."

Ndipo Bi Nungunungu akachomoa karatasi yake miibani. Tembo akavaa miwani, akasoma: "Sisi wenye nyayo hizi tutachimba choo cha kijiji, kule bondeni, bure, mpaka wanakijiji waseme kimetosha. Kabla ya hapo hatutachimba kitu kingine popote."

"Ah! Hayo yalikuwa mahudhurio tu!"

Tembo akamtazama juu ya miwani. "Wayo ni wayo, Bwana Mkurugenzi. Nimeandika maneno yako mwenyewe."

Akagonga muhuri mara tatu, kwa kuwa nakala zilikuwa tatu.

Wakachimba. Wiki ya kwanza Fisi akauliza, "Kimetosha?"

"Bado kidogo, Mheshimiwa."

Wiki ya pili sauti ikatoka mbali, chini kabisa: "Kimetosha?"

"Bado kidogo, Mheshimiwa."

Wiki ya tatu hakuuliza. Alipanda juu, akavua tai, akaondoka na watu wake bila kuaga.

Basi, wenzangu, someni kabla ya kukanyaga, hata kama mahindi yananukia. Na wewe unayewatega wenzako kwa karatasi, ujue na wao wino wanao.

Ngano yangu nimeiacha pale chemchemini. Mwenye kiu akainywe.

Lile faili nalo lilifungwa. Ukurasa wake wa mwisho una mistari miwili tu: Kampuni ilikuja kuchimba dhahabu. Ilichimba choo.