Jina la Binti wa Lugano

Hapo zamani, si ile ya wanyama kusema bali hii ya majuzi, ambayo walioiona bado wanakula na kunywa pamoja nasi, palikuwa na fundi bomba aliyeitwa Ambakisye. Kwao ni Tukuyu, kwenye migomba na mvua isiyokatika.

Ambakisye alikuwa amefiwa na mkewe, Atuganile. Alifia katika kituo cha afya, muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Wauguzi wakasema ni kazi ya Mungu. Ambakisye akaamini. Akazika, akampeleka mtoto kwa dada yake, akarudi kwenye mabomba yake. Ila kituo kile hakukikanyaga tena mwaka mzima.

Alhamisi moja mchana akapigiwa simu: sinki la wodi ya wazazi linavuja, njoo fundi. Kazi ni kazi. Akaenda. Akapiga magoti chini ya sinki, akaanza kulegeza nati. Mara akasikia sauti ya mwanamke kutoka chumba cha kujifungulia:

"Ambakisye, naona baridi."

Spana ikamponyoka. Maneno yale aliyajua. Mkewe ndiye aliyeyasema, mlemle, siku ya kufa kwake.

"Ambakisye, naona baridi."

Akainuka, akasukuma mlango. Na alichokiona, jamani, msiombe mkione. Mwanamke kalala chali kitandani, tumbo juu, damu inatiririka kwenye mpira uliotandikwa kitandani hadi sakafuni. Wauguzi wanne wamemzunguka. Mmoja anamtikisa bega na kuita: "Atuganile! Atuganile, fumbua macho!"

Ambakisye akapiga yowe, akakaa chini palepale mlangoni.

Basi maiti akainuka. Akaketi kitandani, akajishika mdomo. Hakuwa Atuganile. Alikuwa Bibi Subila, mfagizi wa kituo, mama mtu mzima, amefungiwa tumbo la vitambaa. Na damu ile haikuwa damu, ilikuwa juisi nyekundu ya rozela.

"Ni mazoezi, kaka," akasema muuguzi aliyekuwa akiita. Jina lake Sista Tusekile. "Kila Alhamisi tunafanya. Ili mama mwingine akitokwa damu, mikono yetu iwe inajua kazi."

"Mnamfanya mke wangu mchezo? Kila Alhamisi mnamuua?"

Ndipo Sista Tusekile akapiga magoti mbele ya yule fundi, akasema jambo ambalo Ambakisye hakuwahi kuambiwa na mtu.

"Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Haikuwa kazi ya Mungu. Sindano ya kukaza mji wa mimba ilikuwepo, imefungiwa kabatini. Nilihangaika kutafuta ufunguo dakika ishirini. Niliporudi na ufunguo, mkeo alikuwa ameshaanza kukata roho. Mazoezi haya niliyaanzisha mimi. Tangu siku ile nikifumba macho namwona yeye."

Ambakisye alimtazama kama mtu anayeangalia nyumba yake ikiungua. Alitaka kupiga, mkono haukunyanyuka. Alitaka kulia, machozi hayakuja. Akatoka, akaacha spana zake chini ya sinki na maji yakivuja.

Wiki ya kwanza hakula vizuri. Wiki ya pili akaandika barua ya malalamiko, akaichana. Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, akarudi mwenyewe. Wauguzi wakageuka kumtazama mlangoni, Bibi Subila akiwa tayari amelala kitandani na tumbo lake la vitambaa.

"Mnakosea," akasema Ambakisye.

"Tunakosea nini, kaka?" akauliza Tusekile.

"Hiyo baridi mnaiweka mwisho. Wewe uliisikia mwisho. Mimi niliisikia mwanzo. Mlipokwisha kumtoa mtoto mkaniita ndani nimwone. Mke wangu akaniambia anaona baridi, wakati huo nyote mnasema hali ni nzuri. Akaniambia mara tatu. Nikamwambia atulie, asiwasumbue wauguzi. Nikavua koti langu nikamfunika kuanzia kifuani hadi miguuni. Damu ilikuwa inatoka chini ya koti hilo. Mimi ndiye niliyeificha."

Muuguzi mmoja akageukia ukutani. Lakini Tusekile akasema, "Tuanze upya." Wakaanza upya. Safari hii baridi ikaja mwanzo, na neno likawa moja: mzazi akisema anaona baridi, funua nguo, tazama damu, ita wenzako. Dawa nayo ikatolewa kabatini, ikawekwa kwenye boksi ukutani, boksi lisilo na kufuli. Alhamisi baada ya Alhamisi Ambakisye akaja kuigiza mwenyewe mume anayefunika, na kila alipofunika, mmoja wao akafunua.

Ikapita miezi minne. Asubuhi moja akaletwa mama mmoja, Lugano, mke wa mchuma chai aitwaye Gwamaka. Akajifungua mtoto wa kike, mzima, wa kelele. Tusekile akageuka kumpima mtoto uzito. Bibi Subila alikuwa anapiga deki, safari hii kwa kazi yake ya kila siku. Akasikia Lugano akinong'ona, "Naona baridi."

Bibi Subila akatupa fagio la deki. Akafunua shuka. Damu ilikuwa imejaa kitandani, nayo haikuwa rozela.

"Tusekile! Ni ya kweli!" akapaza sauti. "Ya kweli, mwanangu, njoo!"

Tusekile akafika kwa hatua mbili. Mkono mmoja ukawa tumboni unakanda mji wa mimba, mwingine ukanyooka boksini bila hata yeye kutazama. Sindano ikaingia. Dripu ikafunguliwa. Wenzake wakaja, kila mmoja akashika nafasi yake, hakuna aliyeuliza afanye nini. Damu ikapungua. Ikapungua tena. Ikakata. Lugano akafumbua macho, akaomba maji.

Kesho yake Gwamaka akaja wodini na shukrani mdomoni. "Baba yangu ndiye mwenye haki ya kumpa jina mjukuu wake," akasema, "lakini amesema haki hiyo anampa aliyemwokoa mama wa mtoto. Mtu mmoja, jina moja. Nani?"

Ambakisye alikuwepo, ameitwa kuona matunda ya kazi. Akasema, "Mimi. Bila mimi baridi ingebaki mwisho, na huyu mama mngemsikiliza akiwa anakufa. Nilitoa siri inayoniumiza kuliko zote. Mtoto aitwe Atuganile, mke wangu arudi kuitwa na watu walio hai."

"Hapana," akasema Tusekile. "Jina hilo nimeliita mwaka mzima likifa mikononi mwangu. Usimvike mtoto. Mikono iliyoizuia damu ni yangu. Mazoezi niliyaanza mimi, nikakiri kosa mbele ya watu ambao ningeweza kuwaficha. Apewe jina jipya, ambalo halijawahi kuliliwa kwenye kitanda hiki."

"Kosa gani?" akauliza Gwamaka. Akaambiwa. Akamvuta mtoto kifuani kwake, akarudi nyuma hatua moja.

Bibi Subila akawa wa mwisho. "Mimi nilisikia, mimi nilifunua. Mngekuja baadaye mngekuta ameshakata roho. Sina mtoto, jina langu linaishia kwangu. Aitwe Subila." Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda kama mtu aliyechoka ghafla. "Na mnijue vizuri kabla hamjaamua. Siku ile ya Atuganile nilikuwa ndani. Damu ilikuwa inadondoka chini ya kitanda. Nikapiga deki. Ikadondoka tena. Nikapiga deki tena. Mara mbili. Sikusema, maana mimi ni mfagizi, nani angenisikiliza? Ndiyo maana niliomba niwe mimi wa kulala pale."

Ambakisye akamtazama Bibi Subila, akamtazama Tusekile, akaitazama mikono yake mwenyewe.

Mtoto akaanza kulia, na hakuna aliyejua amwite kwa jina gani ili amnyamazishe.

Haya wenzangu, mmewasikia wote watatu. Mmoja alichelewa, akageuza aibu yake kuwa somo. Mmoja alifunika, akaja kufunua siri yake. Mmoja alinyamaza, na mara ya pili akapiga kelele. Je, nani alistahili kumpa mtoto yule jina?