Nyati Asiye wa Mtu

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, sikilizeni jamani, nyati mweusi alipotoka mtoni akasimama penye jaruba la mpunga la Siwatu, mjane asiye na mtoto.

"Nitakulimia," nyati akasema. "Lakini mimi si wa mtu. Siku utakayoniita wako, narudi majini."

Siwatu akakubali. Nyati akavuta plau, tope likageuka, mpunga ukastawi. Jioni alilala mlangoni, na Siwatu akamsimulia habari za marehemu mumewe.

Jirani akauliza, "Shoga, nyati wa nani huyo?"

"Wa mto."

Jumbe naye akauliza, "We mama, nyati wa nani?"

"Wa mto, Jumbe."

Watoto wakamtania, "Bibi, au ndiye mchumba wako?"

Akacheka, ulimi akauchunga. "Wa mto, wajukuu zangu."

Msimu wa pili, kisiki kilichozama topeni kikamchana nyati mguu. Akapiga magoti, maji yakawa mekundu. Siwatu akamkimbilia, akamfunga jeraha kwa kanga yake, na kama alivyozoea kumwambia kila aumiaye, akasema, "Pole, wangu."

Akajiziba mdomo. Neno lilikwisha kutoka.

"Umeniita kwa huruma," nyati akasema, "lakini umeniita." Akajivua nira, akaenda akichechemea, kanga mguuni, mpaka maji yakamfunika.

Asubuhi yake Siwatu alijivika nira ile, akaanza kuvuta plau pale nyati alipoishia. Alipojikwaa kwenye kisiki, hapakuwa na wa kumwambia pole.